Sarafu Iliyoondoka: Michezo ya Zamani ya Video na Malezi ya Nyumbani

Yapo mambo ambayo sisi wazazi huyapiga marufuku kabla ya kuyatazama, na mojawapo ni michezo ya video. Mtoto akionekana mbele ya televisheni ameshika pedi kwa mikono miwili, huambiwa kwamba anapoteza muda, na mazungumzo huishia hapo. Juma hili tunakuomba uvute kiti uitazame michezo hiyo kwa utulivu, hasa ile ya zamani ya kupigana na ya mashindano ya magari, ambayo siku hizi huuzwa upya ikiwa imekusanywa pamoja. Ndani yake limo jambo la malezi linalomhusu mzazi wa Maore, wilayani Same, sawasawa na linavyomhusu mzazi wa Tokyo.

MKUSANYO WENYEWE

Mfano mzuri ni mkusanyo uitwao Street Fighter 30th Anniversary Collection, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Mei mwaka 2018. Humo mna michezo 12, kuanzia Street Fighter ya kwanza ya mwaka 1987 hadi Street Fighter III: 3rd Strike ya mwaka 1999. Kwa upande wa magari, kampuni ya Namco, nayo ya Japani, ilikuwa imekwisha kutangulia mwaka 1995 kwa mkusanyo wa Namco Museum Vol. 1, ambamo uliwekwa mchezo wa Pole Position wa mwaka 1982. Mbio hizo hufanyika katika uwanja wa Fuji, na dereva hulazimika kwanza kukamilisha mzunguko mmoja wa kufuzu kwa wakati uliowekwa. Asipoweza, haruhusiwi kushindana na wenzake.

Mtu mzima akiirudia michezo hii leo hushangazwa na mambo mawili, nayo ni ugumu wake na ufupi wake. Katika Street Fighter II ya mwaka 1991 saa ya pambano huanza kuhesabu kutoka 99 ikishuka kuelekea sifuri, na atakayetangulia kushinda raundi mbili ndiye mshindi. Anayeanza huweza kupigwa na kuanguka kabla hajajua kitufe kipi ni cha ngumi na kipi ni cha teke.

Sababu ya ugumu na ufupi huo ni sarafu. Michezo hii haikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Iliwekwa ndani ya makabati makubwa katika kumbi za starehe, ambako mchezaji wa Japani alitumbukiza sarafu ya yeni 100, na wa Marekani sarafu ya senti 25. Mwenye ukumbi alitaka mchezaji aondoke upesi ili mwingine aingie. Lakini mchezaji aliyeona kwamba ameonewa na mashine asingerudi kesho. Kwa hiyo watengenezaji walibanwa pande zote mbili: mchezo uwe mgumu kiasi cha kuila sarafu, na uwe wa haki kiasi cha kumfanya aliyeshindwa akiri moyoni kwamba angeweza kufanya vizuri zaidi.

Haki hiyo ilitokana na ustadi wa mikono na macho. Street Fighter II ina vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kila kimoja kikiwa na nguvu na kasi yake. Kulirusha pigo maarufu la Ryu, liitwalo Hadoken, mchezaji husukuma kishikio chini, kisha mshazari, kisha mbele, na papo hapo hubonyeza ngumi. Kumweleza mtu jambo hilo huchukua dakika moja. Mkono kulizoea huchukua siku kadhaa. Aidha, wakati mchezo huo ukitengenezwa iligunduliwa kwamba mchezaji akilenga wakati barabara, pigo la pili huweza kuunganishwa na la kwanza kabla mpinzani hajajikinga. Jambo hilo halikupangwa. Badala ya kulifuta, watengenezaji waliliacha, na tangu hapo kuunganisha mapigo kumekuwa msingi wa michezo ya kupigana duniani kote.

AFRIKA MASHARIKI NDANI YA KIOO

Huenda msomaji akauliza: haya ya Wajapani yanatuhusu nini? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Katika Street Fighter III, iliyoanza mwaka 1997, yumo binti mrefu aitwaye Elena, ambaye watengenezaji walimpa asili ya Kenya. Naye hushambulia kwa miguu, kwa mtindo wa kapoeira. Mwenyeji wa Nairobi ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa kapoeira ni sanaa iliyokuzwa nchini Brazili na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Hata hivyo Elena amependwa mno, hata mwaka 2025 akaongezwa katika Street Fighter 6. Binti wa Maore anayetazama kaka zake wakicheza anaweza kuonyeshwa kwamba miongoni mwa wapiganaji wenye sifa yumo msichana wa Afrika Mashariki, na kwamba naye anastahili zamu yake ya kushika pedi, si kutumwa maji wakati wavulana wakiburudika.

Kwa upande wa magari, wazee wetu hawahitaji kufundishwa. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope yaliyoyavunja magari mengi ya fahari. Gari la Toyota Celica lilishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1992 hadi 1995. Na ni Celica hiyo hiyo ambayo kampuni ya Sega iliiweka katika mchezo wake wa Sega Rally katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2000 mchezo wa Colin McRae Rally 2.0 ulikuja na Kenya miongoni mwa nchi za kushindania. Basi kijana anayeendesha gari la kioo kwenye udongo mwekundu huwa anaigiza, pengine bila kujua, jambo ambalo babu yake aliweza kusimama kando ya barabara na kulishuhudia.

SARAFU INAPOONDOKA

Sasa tuje Maore. Kata hii iko tambarare, mashariki ya Milima ya Upare, kwenye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani na kuendelea Ndungu hadi Mkomazi. Ni nchi ya mpunga na mahindi. Watoto wa vijijini hawakungoja umeme kuyajua mashindano; wamekimbiza ringi za baiskeli kwa kijiti, na kusuka magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizochakaa.

Tuseme kwamba mwezi Desemba mjomba amerejea nyumbani kutoka Dar es Salaam, na katika mizigo yake mna mashine ya PlayStation 4 yenye mkusanyo tulioutaja. Wapwa wanamzunguka. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mzazi hana budi kulitambua. Katika mkusanyo huo sarafu haipo. Mchezaji akishindwa hubonyeza kitufe, mashine ikajipa sarafu ya bandia, naye akaendelea palepale. Anaweza pia kuhifadhi mchezo mahali alipofika na kuurudia hapo kila akikosea. Kwa njia hiyo mtoto aweza kufika mwisho wa Street Fighter II alasiri moja bila kujifunza hata kujikinga.

Ile sarafu, ingawa ilikuwa mradi wa mfanyabiashara, ilifanya kazi mbili za mlezi. Ilimwambia mtoto lini aache, na ilimfanya afikiri kabla ya kujaribu tena. Hiyo ndiyo desturi inayoendelea hadi leo katika vibanda vya gemu mitaani, ambako kijana hulipia mchezo mmoja au dakika kadhaa, kisha humpisha mwenzake na kusimama nyuma akitazama. Mchezo ukihamia nyumbani, sarafu hubaki nje ya mlango. Mahali pake patupu hapana budi pajazwe na baba, mama, au mkubwa aliyepo.

IPO MASHINE NYINGINE

Lazima tuseme pia juu ya mashine inayofanana na hizi kwa taa na kelele, lakini tabia yake ni kinyume kabisa. Tunazungumzia mashine za kamari za sarafu, ambazo mitaani huitwa dubwi. Hiyo imebakiza sarafu na kuuondoa ustadi. Mtoto aweza kukaa mbele yake mwaka mzima asiongeze ujuzi wowote, kwa kuwa matokeo hayategemei mkono wake wala jicho lake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imekataza walio chini ya umri wa miaka 18 kushiriki kamari, lakini sheria haikai dukani kila saa. Mzazi asiyetofautisha mashine hizi mbili atamfukuza mtoto mbele ya Ryu na Elena, na mtoto atakwenda kutumbukiza fedha ya daftari katika dubwi, ambako hakuna atakachojifunza isipokuwa kungoja bahati.

Hatari ya pili inahusu magari. Katika Pole Position gari likigonga bango hulipuka, na baada ya sekunde chache dereva yuko tena barabarani mzima. Kijana wa bodaboda anayeshuka na abiria kutoka milimani hana nafasi ya pili ya namna hiyo. Hata hivyo mchezo wenyewe unaweza kumsaidia mzazi kulisema hilo. Anayeingia kwenye kona bila kupunguza mwendo hushindwa, na anayepunguza mapema hutoka kwenye kona akiwa mbele. Mwulize kijana ni mara ngapi ameshinda kwa pupa. Jibu lake mwenyewe litamfundisha kuliko karipio lako.

LA KUFANYA

Kwanza, tazama alama ya umri iliyo juu ya kasha. Mkusanyo wa Street Fighter umewekewa alama ya vijana wa kuanzia miaka 12 au 13, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili bado ana wakati wa kungoja.

Pili, wekeni sarafu ya nyumbani. Kila mchezaji apewe vibao vitatu vya kadibodi, au punje tatu za mahindi, kwa siku ya mapumziko. Kila anaposhindwa na kutaka kuendelea, atoe kimoja. Vikiisha, zamu imekwisha, wala hakuna kukopeshana. Utaona jinsi watakavyoanza kucheza kwa uangalifu na kutazamana wao kwa wao ili wajifunze.

Tatu, cheza nao. Michezo ya kupigana ya enzi hiyo ilitengenezwa kwa watu wawili waliokaa bega kwa bega. Utapigwa, na mtoto wako atafurahi mno kukupiga. Mwombe akufundishe lile pigo la chini, mshazari, mbele, ngumi. Mtoto anayemfundisha mzazi wake hujifunza kueleza jambo kwa utaratibu na kumvumilia mwanafunzi mzito, na mzazi anayefundishwa hupata saa moja ya kukaa karibu na mwanawe bila kumhoji.

Mkusanyo wa michezo ya zamani umeturudishia michezo hiyo karibu kama ilivyokuwa, ila sarafu imetuachia sisi. Tukiitoa kwa mkono wetu wenyewe, kwa kiasi, mashine hiyo itakuwa chombo kama vyombo vingine vya nyumba, na itazimwa mpunga unapohitaji kuamiwa ndege.