Mabwana afya wa manispaa na kazi ya kuondoa bidhaa hatari sokoni

IJUMAA ya Januari 12, mwaka 2018, watoto tisa wenye umri wa chini ya miaka mitano, wote wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto, Afrika Kusini, walifikishwa katika Hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na maradhi ya tumbo.

Daktari wa watoto alishuku kuwa wamekula chakula chenye vijidudu. Maofisa afya ya mazingira waliarifiwa na siku hiyo hiyo wakafika kwenye kituo hicho, wakachukua sampuli za poloni za kampuni mbili tofauti na kuzipeleka maabara. Poloni ni soseji nene iliyokwisha kupikwa kiwandani, ambayo hukatwa vipande na kuliwa na mkate bila kupikwa tena.

Ziara hiyo moja ilisaidia kufumbua fumbo lililokuwa limewasumbua wataalamu kwa miezi kadhaa.

Tangu katikati ya mwaka 2017, madaktari wa watoto wachanga katika Jimbo la Gauteng walikuwa wameona ongezeko la ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye listeria. Mwezi Desemba mwaka huo serikali ilitangaza rasmi mlipuko wa ugonjwa huo, lakini chakula kilichousababisha hakikuwa kimejulikana.

Listeria ni adui mgumu kumnasa. Bakteria wengi wa chakula hudumaa kwenye baridi, lakini yeye huendelea kuzaliana ndani ya jokofu. Isitoshe, mtu anaweza kuugua hadi siku 70 baada ya kula chakula chenye bakteria huyo, wakati ambapo ameshasahau alichokula na alikonunua.

Januari 27, vipimo vya vinasaba vilithibitisha kuwa bakteria aliyepatikana kwa mmoja wa watoto wale na aliyepatikana katika poloni za kituo hicho ni wa aina moja, iitwayo ST6. Aina hiyo ndiyo iliyokuwa imepatikana kwa wagonjwa wengi nchini humo. Aidha, kati ya wagonjwa 109 waliohojiwa, 93 walisema walikula nyama za kusindikwa zilizo tayari kuliwa, hasa poloni.

Wachunguzi, wakiwamo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), walikwenda hadi kiwanda cha Enterprise kilichopo Polokwane, ambako bakteria wa aina hiyo alipatikana katika mazingira ya kiwanda. Jumapili ya Machi 4, 2018, Waziri wa Afya, Dk. Aaron Motsoaledi, alitangaza matokeo hayo. Bidhaa zikaamriwa kuondolewa sokoni mara moja.

Agizo na utekelezaji

Kwa mujibu wa Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, chombo chenye mamlaka ya kuilazimisha kampuni kurejesha bidhaa zake ni Tume ya Taifa ya Walaji. Gharama na wajibu wa kuziondoa ni vya kampuni yenyewe.

Hata hivyo, agizo la kitaifa haliondoi paketi hata moja kutoka kwenye rafu ya duka. Ni lazima apatikane mtu wa kwenda kuona kama bidhaa imeondolewa kweli, au imesogezwa tu nyuma ya kaunta kungojea tangazo lisahaulike. Hapo ndipo inapoanza kazi ya serikali za mitaa.

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inaziweka huduma za afya za manispaa mikononi mwa serikali za mitaa. Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inaeleza kuwa udhibiti wa chakula ni sehemu ya huduma hizo, na kwamba ni jukumu la majiji na manispaa za wilaya. Biashara ya chakula hairuhusiwi kuendeshwa bila cheti cha kukidhi masharti ya usafi kinachotolewa na mamlaka hiyo ya eneo husika.

Cheti hicho kina faida nyingine ambayo huonekana wakati wa hatari. Ofisi inayotoa vyeti inajua ni nani anayeuza chakula, mtaa gani, na kama ana jokofu. Siku agizo linapotolewa, orodha hiyo ndiyo ramani ya kazi.

Kwa maduka makubwa, kazi ni nyepesi kidogo. Bidhaa zina namba za toleo, ghala lina kumbukumbu, na mkuu wa maduka anaweza kutuma maelekezo kwa matawi yote kwa siku moja.

Ugumu upo kwenye maduka madogo ya mitaani, ambayo nchini humo huitwa spaza, na kwa wauzaji wa kota, yaani robo ya mkate iliyotobolewa na kujazwa chipsi na poloni. Wengi hununua kwa fedha taslimu kwa wauzaji wa jumla na hukata nyama vipande. Kipande kikishatoka kwenye ganda lake hakina jina la kiwanda wala tarehe. Tena kisu kilichokata poloni yenye bakteria huweza kuambukiza soseji nyingine iliyokuwa salama.

Kwa sababu hiyo, kukagua namba ya toleo peke yake hakutoshi. Ofisa afya hana budi kufungua jokofu, kuuliza bidhaa ilinunuliwa wapi, kueleza namna ya kusafisha vyombo, na inapobidi kuzuia biashara isiendelee. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa tangazo la televisheni.

Baada ya hapo linabaki suala la kuteketeza. Bidhaa ikitupwa ovyo jalalani, mwenye njaa ataiokota, na mwenye tamaa ataiuza tena. Usimamizi wa majalala nao ni kazi ya manispaa.

Gharama ya kuchelewa

Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Septemba 2018. Wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa na maabara, na watu 216 walikuwa wamefariki dunia. Zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28, ambao hawakuonja poloni. Waliambukizwa kupitia kwa mama zao.

Desemba mwaka huo, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu waathirika kufungua kesi ya pamoja dhidi ya kampuni ya Tiger Brands, iliyokuwa mmiliki wa kiwanda hicho.

Miaka sita baadaye, pengo katika orodha za manispaa lilionekana tena. Oktoba 2024, watoto sita wa eneo la Naledi, Soweto, walifariki dunia kwa sumu ya kuulia wadudu iitwayo terbufos. Mwezi uliofuata, Rais Cyril Ramaphosa aliagiza maduka yote ya spaza yajisajili katika manispaa zao ndani ya siku 21. Muda huo uliongezwa hadi Februari 28, 2025.

Kuongezwa kwa muda huo kulidhihirisha ukubwa wa tatizo. Duka lisilojulikana haliwezi kukaguliwa, wala haliwezi kufikiwa na agizo la kurejesha bidhaa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara za chakula, kwa maneno yanayolingana na yale ya Katiba ya Afrika Kusini. Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilipopiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango cha sumukuvu, unga huo ulikuwa umeshafika madukani na majumbani.

Nchini Tanzania, udhibiti wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, ukitoka TFDA. Lakini anayeonekana kila siku kwenye mabucha, magenge na migahawa ni bwana afya wa halmashauri.

Mara nyingi ofisa huyo hukumbukwa kwa faini na kufunga vibanda, na wafanyabiashara humwona kuwa adui. Mkasa wa Soweto unaonyesha upande mwingine wa kazi yake. Daktari alishuku, maabara ikathibitisha, waziri akatangaza. Lakini aliyefungua jokofu na kutoa poloni ile alikuwa ofisa afya, aliyefika siku ile ile aliyoitwa.