Winchester Model 1890

Winchester Model 1890 ni bunduki ndogo yenye kaliba ya .22 iliyotengenezwa na kampuni ya Winchester nchini Marekani kuanzia mwaka 1890 hadi 1932. Ilibuniwa na ndugu wawili, John na Matthew Browning. Zilitengenezwa takriban 850,000. Zilitumiwa sana kuwindia wanyama wadogo na katika vibanda vya kulenga shabaha.

Muundo

Mpigaji huvuta kishikio cha mbele ili kutoa ganda lililotumika, kisha hukirudisha mbele ili kuingiza risasi nyingine kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Risasi zake huwaka zinapogongwa kwenye ukingo wa ganda, si katikati.

Risasi

Kila bunduki ilitengenezwa kwa aina moja tu ya risasi: .22 Short, .22 Long, .22 WRF au, tangu 1919, .22 Long Rifle. Risasi ya .22 Long Rifle huweza kuingia katika chemba ya .22 WRF, lakini chemba hiyo ni pana kuliko ganda lake. Ikifyatuliwa, ganda linaweza kupasuka na kumrushia mpigaji gesi ya moto. Kwa hiyo ni lazima kusoma alama iliyopigwa juu ya mtutu kabla ya kupakia.

Ukusanyaji

Wakusanyaji hutafuta hasa zile takriban 15,000 za mwanzo, ambazo haziwezi kutenganishwa vipande viwili. Bunduki iliyopakwa rangi upya au kubadilishwa mtutu hupungua thamani. Nyingi za vibandani zimechakaa, hivyo hukaguliwa na fundi bunduki kabla ya kutumiwa.