Kambi ya Familia Naivasha: Soma Jina Kabla ya Kuthibitisha Malipo

Wikendi ndefu inakaribia na watoto wameshaanza kuuliza, "Tunaenda wapi?" Ziwa Naivasha liko kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na kando yake kuna kambi ambapo familia inaweza kupiga hema au kuegesha gari la kulala ndani.

Kambi nyingi hutaka ulipe kiasi mapema ili wakushikie nafasi. Hapo ndipo matapeli huingia: picha nzuri, bei ya chini, na namba ya mtu binafsi ya kutumia pesa "haraka kabla nafasi hazijaisha". Unafika jioni na watoto wamechoka, na pale getini hakuna anayekujua.

Fanya hivi:

• Tafuta namba ya kambi wewe mwenyewe, piga, uliza till au paybill yao.
• Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Si la kambi? Katisha.
• Usifute meseji ya malipo. Hiyo ndiyo risiti yako getini.
• Ukigundua umetapeliwa, pigia huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu.

Unapanga kupitia Hell's Gate? Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo lipia mapema.

Usiku viboko hutoka ziwani kula nyasi. Watoto wasivuke ua wa kambi gizani, na simu yako iwe na chaji. Safari njema!