Shinikizo la Kidiplomasia katika Kukabidhiana Ulinzi wa Amani: Mfano wa Darfur, 2006–2007
Makala haya yanaeleza namna ridhaa ya nchi mwenyeji inavyoweza kuzuia ulinzi wa amani kukabidhiwa kutoka misheni moja hadi nyingine. Tarehe 31 Agosti 2006, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1706, lililokusudia wanajeshi wasiozidi 17,300 wa Umoja huo wachukue nafasi ya kikosi cha Umoja wa Afrika huko Darfur. Kikosi hicho kilikuwa na watu wapatao 7,000 na upungufu mkubwa wa fedha na vifaa. Azimio liliomba ridhaa ya Sudan. Sudan ilikataa kwa hoja ya kulinda mamlaka yake, na utekelezaji ukakwama. Mazungumzo ya Addis Ababa ya Novemba 2006, yakifuatiwa na shinikizo la mataifa mbalimbali, ikiwemo China, yalizaa mwafaka: misheni ya pamoja, UNAMID, yenye sura ya Kiafrika. Azimio 1769 la Julai 2007 liliiidhinisha, nayo ikapokea majukumu tarehe 31 Desemba. Kwa miezi 16 ya mvutano huo, raia waliokuwa kambini waliendelea kutegemea kikosi kisichokuwa na uwezo wa kutosha kuwalinda.