Picha ya nyotamkia Lupiro: Giza lipo, mbu nao wapo

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa miji mikubwa hawazioni tena nyota hafifu, kwa kuwa taa za umeme hulifubaza anga la usiku. Lakini huko Lupiro, wilayani Ulanga, kusini mwa mji wa Ifakara, giza la Bonde la Kilombero bado linamwezesha mwenye kamera ya kawaida kupiga picha ya nyotamkia inapojitokeza.

Nyotamkia si nyota, wala si kimondo kinachokatiza angani mara moja na kutoweka. Ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka Jua. Linapolikaribia, barafu hugeuka mvuke na kufanya mkia, ambao daima huelekea mbali na Jua.

Mfano wa karibuni ni Tsuchinshan-ATLAS, iliyogunduliwa mwaka 2023 na vituo vilivyoko China na Afrika Kusini. Septemba 27, 2024 ilipita takriban kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua, ikionekana upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Katikati ya Oktoba ilihamia magharibi, baada ya machweo.

Mianga ya kijani na nyekundu ipigwayo picha Norwei ni jambo jingine. Hiyo hutokana na chembe za Jua zinazoongozwa na usumaku wa Dunia kuelekea kwenye ncha zake. Hata dhoruba ya Jua ya Mei 2024 iliifikisha Florida, Marekani. Aliye Lupiro, karibu na Ikweta, hana sababu ya kuikesha.

Kwa nyotamkia, kamera ifungwe kwenye stendi ya miguu mitatu, na lenzi ilengwe kwanza kwenye nyota angavu hadi ionekane kama nukta. Kwa lenzi ya milimita 24, mwanga uruhusiwe kuingia kwa sekunde zisizozidi 20. Kwa ya milimita 50, sekunde 10. Zikizidi hapo, mzunguko wa Dunia huzigeuza nyota kuwa michirizi. Alfajiri mkia huelekea juu, hivyo nafasi iachwe juu ya picha.

Kiangazi huwa na mawingu machache kuliko masika, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kuficha upeo wa macho.

Hata hivyo, saa za nyotamkia ndizo pia saa za mbu. Taasisi ya Afya Ifakara imewachunguza mbu wa Lupiro kwa miaka mingi, na baadhi ya waenezao malaria huuma watu wakiwa nje ya nyumba. Chandarua hakimsaidii aliyesimama uwanjani. Avae nguo ndefu, ajipake dawa ya kufukuza mbu, na akipata homa baadaye apime malaria bila kuchelewa.

Nyotamkia ya Halley, iliyopita mwaka 1986, inatarajiwa kurejea mwaka 2061. Kama giza la Lupiro litakuwapo bado, litategemea namna taa zitakavyofungwa: zikimulika chini, barabara itaonekana na anga litabaki.