Kasi ya Damu Ubongoni, Kipimo Kinachotangulia Kiharusi

Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima, na kwa kuwa hauna akiba, damu ikikatika kwa dakika chache tu chembe zake huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi, nacho hakiwapati wazee peke yao: miongoni mwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu, takriban mmoja kati ya kumi hupatwa nacho kabla ya kutimiza miaka 20 asipokingwa mapema.

Njia ya kuibaini hatari hiyo ilifunguka mwaka 1982, Rune Aaslid na wenzake wa Bern, Uswisi, walipoonyesha kuwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio hupenya mfupa mwembamba wa panja, yakagonga chembe za damu zinazosafiri na kurudi yakiwa yamebadilika kwa kadiri ya mwendo wake, badiliko ambalo Christian Doppler alilieleza tangu 1842. Mtoto hulazwa, hupakwa jeli panjani, kisha mpimaji huitafuta taratibu ateri kuu ya kati ya ubongo. Hakuna sindano wala mionzi. Sharti mtoto awe macho na ametulia, kwani akisinzia hewa ya ukaa huongezeka katika damu, mishipa midogo ya ubongo hutanuka na kasi hupanda, na akilia huku akihema harakaharaka kasi hushuka, hata kipimo kikapotosha.

Kasi kubwa si dalili ya afya, kwa sababu damu hukimbia zaidi penye ateri iliyosinyaa, kama mto upitapo kwenye mlango mwembamba, na upungufu wa damu nao huichochea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 chini ya Robert Adams uliwahusisha watoto waliofikia sentimita 200 kwa sekunde, na kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90, hata utafiti ukasitishwa mapema ili wote wanufaike. Kwa nchi ambazo damu salama ni haba, tafiti za Nigeria zimeleta tumaini kubwa: hidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, nayo hupunguza hatari hiyo.

Mtoto mwenye selimundu anayehudhuria kliniki bila kupimwa kasi hii ananyimwa kinga iliyothibitishwa. Mzazi na aulizie kipimo hicho kila mwaka, tangu mtoto anapotimiza miaka 2 hadi afikishe 16.