Nchi Isiyomtaka Farasi: Kupiga Kambi na Punda Shinyanga

Kutoka Ibadakuli, pembeni ya mji wa Shinyanga, nchi imefunguka. Kuna mbuga za udongo mweusi, miiba iliyotawanyika, vilima vya mawe ya matale, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na majani makavu yanayoendelea mpaka macho yachoke. Aliyekulia kwenye filamu za Kimarekani atasema hii ndiyo nchi ya farasi hasa: tandika, panda, beba hema nyuma ya tandiko, lala popote usiku utakapokukuta. Lakini utazunguka minada ya mifugo ya mkoa mzima uone ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na farasi usimwone.

Wapo wanaodhani ni suala la fedha, au kwamba Wasukuma hawakuwahi kumpenda mnyama huyo. Sivyo. Kaskazini, katika nyanda za juu za Arusha na Kilimanjaro Magharibi, na kule Kenya katika Laikipia na Mara, watalii hulipa fedha nyingi kusafiri kwa farasi na kulala mahemani. Tofauti kati ya huko na huku ni wadudu wawili waliogawana saa ishirini na nne: mmoja ana zamu ya mchana, mwingine ya usiku.

Wa mchana ni mbung'o. Hupenda vichaka na vivuli vya kandokando ya mito, hufuata kitu kinachotembea na huvutiwa na rangi nzito. Kwa damu anayonyonya hueneza vijidudu vinavyoitwa tripanosoma. Mwaka 1895, kule nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce aliviona vijidudu hivyo katika damu ya mifugo iliyokuwa ikifa kwa ugonjwa wa nagana, akamhusisha mbung'o. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi katika eneo letu lililokuwa koloni la Ujerumani, alionyesha kwamba inzi huyo si mbebaji tu, bali kijidudu hukua na kubadilika ndani ya mwili wake kwa siku kadhaa kabla hajaweza kuambukiza. Ng'ombe mwenye nagana anaweza kudhoofu kwa miezi. Farasi hasubiri. Homa huja na kuondoka, damu hupungua, mifupa hutokeza ingawa bado anakula, miguu na tumbo la chini huvimba maji, macho huingia ukungu.

Wa usiku ni visubi, wadogo kiasi kwamba wengi wetu hatuwatambui mpaka ngozi iwashe. Hawa huzaliana kwenye tope lenye samadi, hutoka jua linapozama na huendelea kuuma mpaka alfajiri. Wao hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Mapafu hujaa maji, povu jeupe hutoka puani, na mnyama aliyekuwa mzima Jumatatu anaweza kuzikwa Alhamisi. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na virusi hivyo, vifo vya farasi hupita asilimia 70. Pundamilia huvibeba bila kuumwa, na punda wa Afrika mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Mwaka 1959 ugonjwa huo ulipovuka kwenda Mashariki ya Kati na hatimaye kufika India, farasi, punda na nyumbu zaidi ya 300,000 walikufa katika muda wa miaka michache.

Sasa pigia hesabu msafiri. Misafara ya zamani ilikuwa na mbinu ya kuvuka ukanda wa mbung'o usiku, inzi wakiwa wamelala. Kwa ng'ombe na punda mbinu hiyo ilisaidia. Kwa farasi, kumtoa nje usiku ni kumkabidhi kwa visubi. Na ukimficha usiku bandani, lazima asafiri mchana. Hana saa yake.

Historia ya wageni waliojaribu ni ndefu na ina mafunzo yasiyo rahisi kama yanavyosimuliwa. David Livingstone aliingia bonde la Ruvuma mwaka 1866 akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kujua ni yupi atakayemhimili mbung'o. Wengi walikufa, lakini waliowachunga waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hata mwenyewe asiweze kusema kwa hakika nani ameuawa na inzi na nani na binadamu. Farasi wawili wa Henry Morton Stanley walikufa Kingaru mwaka 1871, safari ya kumtafuta Livingstone ikiwa bado karibu na pwani. Stanley alimpasua mmoja tumbo akakuta minyoo. Kila farasi aliyekufa Afrika huandikiwa mbung'o, na mimi nadhani inzi huyo amebebeshwa pia lawama za minyoo, njaa na uzembe.

Hesabu ya kutisha kuliko zote ni ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapanda farasi wa Afrika Kusini waliongozwa na Jenerali van Deventer mpaka Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916, katikati ya mvua, wakiacha mizoga njia nzima. Baadaye mwaka huohuo, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba, jeshi la Uingereza katika nchi yetu lilipoteza takriban farasi 10,000 na nyumbu 10,000, pamoja na maksai 11,000. Mizigo yao ilihamia vichwani mwa wapagazi, nao walikufa kwa maelfu mengi.

Ilichukua miaka michache tu baada ya vita hiyo kwa Shinyanga kuwa mahali ambapo dunia nzima ilikuja kujifunza habari za mbung'o. C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa bwana nyama mkuu wa Tanganyika, alianza hapa katika miaka ya 1920 majaribio ya kuchoma majani kwa mpango na kufyeka vichaka, akishirikiana na Mtemi Makwaia wa Busiya, ambaye watu wake ndio walioshika mashoka. Lile wazo la kuchelewesha moto hadi majani yakauke sawasawa, ili uwake mkali na kuua miche ya vichaka, liliandikwa vitabuni kwa jina la mzungu. Bila Mtemi wa kuita maelfu ya watu kazini, lingebaki karatasini. Kituo cha utafiti kikakaa Shinyanga ya Kale, na aina ya mbung'o wa vichaka vya miiba vya ukanda huu ikapewa jina la Glossina swynnertoni. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt.

Kilichofuata hakijulikani inavyostahili. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa kituo hicho, F. L. Vanderplank, aligundua kwamba mbung'o wa aina mbili tofauti wakipandana, uzao wao huwa tasa au karibu na utasa. Akasambaza pupa zaidi ya 100,000 za aina ngeni katika eneo kavu la aina ya wenyeji. Wenyeji wakapungua sana, na wageni nao wakashindwa na ukame. Hilo ni miongoni mwa majaribio ya kwanza duniani ya kumshinda mdudu kwa kuvuruga uzazi wake, nusu karne kabla ya Unguja kusafishwa mbung'o kwa madume waliohasiwa kwa mionzi kati ya 1994 na 1997.

Leo kandokando ya mji kumelimwa na kufyekwa, mbung'o si tishio la kila siku. Ukielekea magharibi, kwenye miombo ya Kahama, Bukombe na upande wa Kigosi na Moyowosi, bado ana ufalme wake. Kwa hiyo anayetaka kulala porini na mnyama wa mizigo amchukue punda, na ahesabu hata huyo kuwa anaweza kupata nagana. Tofauti ni kwamba punda huchelewa kuanguka na humpa mwenyewe muda wa kutafuta matibabu.

Sifa ya pili ya punda ni maji. Mtafiti wa Kenya G. M. O. Maloiy alipowapima punda wa Kisomali aliona wanaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya uzito wao kwa kiu, kisha wakipewa maji hurudisha sehemu kubwa ya uzito huo kwa mkupuo mmoja. Usilichukue hilo kuwa ruhusa. Kwenye jua la Septemba, punda anayetembea mnyweshe kila siku, na ukipata lambo au visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto, panga kambi kwa kuvihesabu.

Lakini usipige kambi pale penye maji penyewe. Hapa ndipo wageni hukosea. Kando ya maji kuna tope, kwenye tope kuna visubi na mbu, na kwenye vichaka vya mto ndipo mbung'o hujikusanya kiangazi. Korongo lenye mchanga safi huvutia kwa kivuli na ukingo unaokinga upepo, ila mvua iliyonyesha juu usikoiona inaweza kulijaza usiku. Mbuga nayo iepuke: masika udongo wake hunata na kumng'ang'ania mnyama miguu, kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumvunja kifundo. Wakulima wa Kisukuma walishaigawa ardhi hii kwa majina tangu zamani, kutoka luseni, ule mchanga chini ya vilima, kushuka itogolo mpaka mbuga. Lala kwenye luseni. Maji ya mvua hupenya haraka, ardhi haina nyufa, na upepo hupita. Visubi ni warukaji dhaifu, upepo wa wastani tu huwazuia. Mnyweshe mnyama alasiri, kisha panda naye juu kabla jua halijazama.

Vilima vya mawe vina mpangaji mwingine, fisi. Punda hupiga teke vizuri lakini hana kinga dhidi ya fisi kadhaa wakimzunguka kwa nyuma. Boma la miiba ni la lazima, na moto wa samadi unaotoa moshi mzito upande unakotoka upepo hufukuza wadudu na huwaambia fisi kuwa watu wapo macho.

Ndani ya boma hilo kuna jambo ambalo mchunga ng'ombe mzoefu anaweza kulisahau. Ng'ombe akiingia zizini ameshiba, usiku hucheua. Punda, kama farasi, hacheui. Tumbo lake limeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Ukimtembeza tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kisha ukamfungia kwenye miiba mitupu, umemnyima chakula kwa siku nzima. Basi, tembea kwa muda wa saa nne au tano tu. Mshushe mizigo mapema, mfunge pingu nyepesi za miguu ya mbele alishe huku ukimwona, na usiku mwekee majani makavu au mabua. Mahindi yenye ukungu usimpe kamwe, yana sumu inayoharibu ubongo wa jamii ya farasi. Na mzigo wa shogi usizidi kilo 50 kwa punda wetu hawa wadogo, ukiwa umelingana pande mbili. Kidonda cha mgongoni huanza na mkunjo wa gunia uliopuuzwa asubuhi.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, kuna hatari isiyo na mabawa. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakiachwa hufunikwa na majani, na punda anayelisha usiku bila kamba anaweza kutumbukia. Kubwa zaidi ni maji. Dimbwi lililo chini ya karasha, mashine ya kusaga mawe, au kando ya rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, linaweza kuwa na zebaki, na pale wanapochenjua marudio kwa sayanidi, mnyama anaweza kufa dakika chache baada ya kunywa. Maji hayo huonekana safi. Ukiona mitambo au marundo ya mchanga mweupe, nywesha juu ya mkondo, au beba maji yako kwenye madumu.

Dawa nazo zina mtego. Wafugaji wengi huogesha ng'ombe kwa amitrazi, na inashawishi kumpulizia punda kilichobaki kwenye bomba. Kwa jamii ya farasi dawa hiyo inaweza kusimamisha utumbo na kuua. Dawa ya nagana ya diminazini, ambayo ng'ombe huivumilia vizuri, kwa farasi na punda ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru. Mwachie daktari wa mifugo.

Nyasi nazo zina wenyewe. Sehemu kubwa ya malisho mazuri utakayoyaona kiangazi ni ngitili, yaliyofungwa na familia au kijiji yasubiri miezi ya njaa ya mifugo. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002, uliyarudisha kwa mamia ya maelfu ya hekta, na uliwezekana kwa sababu dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikuwa tayari kumtoza faini anayeingiza wanyama bila ruhusa. Mgeni hasamehewi kwa kuwa mgeni.

Punda mwenyewe sasa ni mali inayotiliwa shaka. Biashara ya ngozi zake kwenda China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya ejiao, ilileta machinjio ya punda hadi Shinyanga na pamoja nayo wizi, mpaka Umoja wa Afrika ulipoamua Februari 2024 kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Mtu asiyejulikana anayeswaga punda watatu jioni anafanana na mwizi, na mwano, lile yowe la hatari, ukipigwa, walinzi wa sungusungu hawaulizi maswali marefu. Kata kibali cha kusafirisha mifugo wilayani kabla ya kuondoka. Fika kijijini kabla ya saa kumi alasiri, muulizie mwenyekiti, amkia, onyesha karatasi, omba mahali pa kulala na pa kulishia, na mizigo iendelee kuwa mgongoni mwa punda mpaka atakapokuonyesha.